Biskuti za karanga na sukari ya unga katika joto la Mwanza

Biskuti hizi hazina yai, hazina hamira, hazina bekingi pauda wala maziwa. Ni siagi, unga wa ngano, sukari ya unga kidogo, na karanga au korosho zilizotwangwa. Zikishaiva unazigaragaza kwenye sukari ya unga mpaka ziwe nyeupe pande zote. Ugiriki huliwa Krismasi na harusini, Mexico nako ni za harusi, na Marekani mwezi wa Desemba hazikosi mezani. Mtu wa Mwanza anayezijua nankhatai za Wahindi au vileja vya pwani atautambua ukoo mara anapouma: zinavunjika bila kushindana na jino, zinamumunyuka, kisha mdomoni inabaki ladha ya siagi na karanga.

Viungo vikiwa vichache namna hii, kinachoamua ni joto la siagi. Maelekezo mengi yaliandikwa na watu wa nchi za baridi, nao husema uache siagi mezani saa nzima ilainike. Fanya hivyo Nyegezi saa nane mchana, utakuta mafuta. Mchana wa Mwanza hufika nyuzi 28 na kuzidi, ilhali siagi ya kazi hii inatakiwa iwe kwenye nyuzi 18 hadi 20, na ikifika 32 au 35 imeshayeyuka yote. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu mambo mawili: kuizuia siagi isiyeyuke kabla ya kuingia motoni, na kuizuia sukari isilowe baada ya biskuti kutoka.

Upande mmoja tuna nafuu. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mwinuko huo huweza kusumbua keki kwa sababu hewa nyepesi huifanya iumuke haraka kisha ianguke. Biskuti hizi haziumuki, kwa hiyo vipimo ni vilevile vya Tanga au Dar es Salaam.

Mahitaji ya biskuti 40 hivi

Siagi halisi gramu 250
Sukari ya unga gramu 70 (nusu kikombe kilichojaa)
Unga wa ngano mweupe gramu 300 (vikombe 2 na nusu vya mililita 250, bila kushindilia)
Wanga wa mahindi kijiko 1 cha chakula
Karanga au korosho zilizokaangwa na kutwangwa, gramu 120 (kikombe 1)
Vanila kijiko 1 cha chai, au hiliki iliyosagwa nusu kijiko cha chai
Chumvi robo kijiko cha chai. Kama siagi ina chumvi, acha
Sukari ya unga nyingine gramu 200 kwa ajili ya kugaragazia

Unga wa kujiumulia wenyewe, ule uliokwisha kuchanganywa na bekingi pauda, usiutumie. Biskuti zitavimba, zitapasuka juu na kuwa kama mkate mkavu.

Karanga kwanza

Wengi huzipa karanga uangalifu wa mwisho, mimi nazipa wa kwanza. Tunaishi upande wa nchi wenye karanga nzuri. Usukumani karanga ni kiungo cha mboga za kila siku, sokoni zipo mwaka mzima, na mnunuzi ana nafasi ya kuchagua. Tumia nafasi hiyo. Mimina kiganja kimoja, tazama: punje zijae, ngozi iwe imebana, rangi ilingane. Tafuna moja mbichi. Ikiwa chungu au ina harufu ya mafuta ya zamani, rudisha. Yenye ukungu, iliyonyauka au iliyobadilika rangi usiihurumie, maana huko ndiko sumukuvu inakojificha, na joto la jikoni haliimalizi. Mwaka 2016 nafaka yenye sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Karanga ni miongoni mwa vyakula vinavyoshikwa nayo zaidi, kwa hiyo kaa chini uchambue punje kwa punje, hata kama muuzaji amekuapia.

Kaanga kwenye sufuria kavu kwa moto mdogo, ukigeuza muda wote, dakika 12 hadi 15. Usisubiri ziwe kahawia. Karanga huendelea kuiva kwa joto lake baada ya kuepuliwa, kisha zitaingia tena ndani ya oveni. Epua ngozi inapoanza kuachia na punje ya ndani ina rangi ya krimu iliyokolea. Mwaga kwenye ungo, acha zipoe, fikicha, pepeta. Ngozi ziondoke zote, kwa sababu zina uchungu na huacha madoa mekundu kwenye biskuti inayotakiwa iwe nyeupe.

Zipoe kabisa kabla ya kutwanga. Karanga ya moto ikipigwa mchi au ikitiwa kwenye blenda hutoa mafuta na kugeuka uji, na uji huo ukiingia kwenye donge biskuti zitatanda. Twanga kidogo kidogo kwenye kinu. Nataka sehemu mbili ziwe laini kama chenga za mahindi na sehemu moja ibaki vipande vidogo vinavyosikika kwenye jino. Ukiwa na blenda, bonyeza na kuachia mara chache, na tia kijiko kimoja cha unga wa ngano kutoka kwenye kile kipimo chako ili kinyonye mafuta.

Korosho za Mtwara na Lindi ni tamu zaidi na laini zaidi, na kwa harusi au kwa mgeni wa heshima ningetumia hizo. Kwa kula nyumbani na kwa kuuza, karanga. Ladha yake ni nzito, hailegei mbele ya siagi, na bei inaruhusu. Lozi zinafaa sana, lakini kwetu zinauzwa ghali na mara nyingi zimekaa muda mrefu dukani.

Siagi, na kinachoweza kuchukua nafasi yake

Siagi halisi ina mafuta ya asilimia 80 na kitu, na maji asilimia 16 hivi. Mafuta hayo huufunika unga usishikamane na maji, ndiyo maana biskuti inavunjika kirahisi badala ya kuwa ngumu. Majarini ya kopo unayopaka mkate mara nyingi ina maji mengi zaidi, na haina ladha tunayoitafuta hapa. Biskuti zake zinaiva, zinalika, lakini ukishaondoa sukari juu hakuna kinachobaki. Kama fedha haitoshi, heri uoke nusu ya kipimo kwa siagi kuliko kipimo kizima kwa majarini.

Samli ni habari nyingine. Wafugaji wa huku wana samli nzuri ya ng'ombe, na nankhatai zimepikwa kwa samli vizazi na vizazi. Tumia gramu 200 badala ya 250, kwa kuwa samli haina maji. Iwe imeganda nusunusu, yenye chembechembe, isiwe inamiminika. Inuse kwanza: samli iliyochacha inapendeza kwenye ugali na mboga, kwenye biskuti tamu inakera. Na ukitumia samli, chagua hiliki, acha vanila.

Sukari ya unga

Hutakiwi kutumia sukari ya kawaida ndani ya donge. Chembe zake huyeyuka ndani ya oveni, biskuti hutanda na kuwa bapa, na ukitafuna unasikia mchanga. Sukari ya unga ya kupambia keki ipo kwenye maduka ya vifaa vya keki mjini. Ukikosa, saga mwenyewe: sukari nyeupe kavu gramu 200 na wanga wa mahindi kijiko 1 cha chakula, kwenye blenda iliyokauka kabisa, kwa mafungu madogo. Ukizima subiri dakika mbili vumbi litulie ndipo ufunue. Chekecha kwa chekecheo lenye matundu madogo kabisa, chenga zitakazobaki rudia kusaga. Wanga unafyonza unyevu na kuzuia sukari isigande mabonge, nasi tunauhitaji kuliko watu wa nchi zenye hewa kavu. Sukari yenye rangi ya kahawia haitatoa unga mweupe hata uisage vipi.

Kuchanganya

Fanya kazi hii alfajiri. Kabla jua halijapanda, Mwanza huwa na ubaridi wa kutosha, na siagi inakupa muda. Itoe kwenye friji, ikate vipande vidogo, iache dakika 10 hadi 15 tu. Bonyeza kwa kidole: kidole kiingie kwa kusukuma, kiache shimo lenye kingo safi. Ikiwa inang'aa na kidole kinateleza imeshapita kiwango, irudishe.

Ponda siagi na ile sukari ya gramu 70 kwa mwiko wa mti mpaka vishikane na rangi iwe moja. Dakika moja au mbili zinatosha. Hapa wapishi wa keki huponzwa na mazoea, kwa sababu wamezoea kupiga siagi mpaka iwe nyeupe na nyepesi. Hewa unayoiingiza kwa kupiga huko inaifanya biskuti ivimbe kisha itande. Tunataka ibaki na umbo la mpira. Tia vanila.

Chekecha unga, wanga na chumvi pamoja, mimina juu ya siagi, changanya kwa mwiko na baadaye kwa ncha za vidole. Mwanzoni utaona chenga kavu, na moyo utakwambia uongeze maji au maziwa. Usiongeze chochote. Endelea kufikicha taratibu, kisha kamata kidogo ufumbate ngumi. Likishikamana, limekuwa. Sasa tia karanga na ugeuze mara chache zienee. Usikande kama unakanda chapati, maana kadiri unavyokanda ndivyo unga unavyovutika na biskuti kuwa ngumu.

Kupoza

Lifunike donge vizuri uliweke kwenye friji dakika 30 hadi saa moja. Msisitizo wangu uko kwenye neno "funika". Friji nyingi za mji huu zina sangara, sato au dagaa ndani, na siagi hunyonya harufu ya jirani yake kwa urahisi. Biskuti yenye harufu ya samaki haiokolewi na vanila wala hiliki. Tumia chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, juu yake mfuko, na kama inawezekana ondoa samaki kwa saa hiyo.

Asiye na friji anunue barafu. Barafu katika mji wa wavuvi haina shida kupatikana, ila nunua ya maji ya kunywa, si ile ya kuhifadhia samaki. Iweke kwenye beseni, tia sufuria yenye donge katikati, funika kwa kitambaa kizito. Umeme ukikatika wakati donge liko kwenye friji usiwe na wasiwasi, usifungue mlango tu.

Donge likishakaza, finyanga madonge ya gramu 18, upana wa sentimita 3. Yawe sawasawa, kwa kuwa dogo likiungua kubwa bado ni bichi katikati. Mikono ikipata joto ioshe kwa maji baridi na uikaushe kabisa. Panga kwenye trei yenye karatasi ya kuokea, nafasi ya vidole viwili kati ya moja na nyingine. Ukikosa karatasi, usipake mafuta kwenye trei, siagi iliyomo inatosha. Kama chumba kina joto, rudisha trei yenye madonge kwenye friji dakika 10 kabla ya kuoka.

Kuoka kwa oveni

Washa oveni mapema ifike nyuzi 170. Trei ikae katikati, na kwa oveni ya gesi inayotoa moto chini ipandishe ngazi moja juu. Dakika 15 hadi 18. Usitegemee rangi ya juu, kwa sababu ikishakuwa kahawia juu umechelewa. Inua moja kwa kisu uitazame chini: iwe na rangi ya dhahabu hafifu, na juu ibaki imepauka, na kingo kidogo tu zimebadilika. Ukizitoa zitakuwa laini na utadhani hazijaiva. Ziache palepale kwenye trei dakika 5 zikaze. Anayezishika mapema zitamvunjikia mkononi.

Kuoka kwa jiko la mkaa

Nyumba nyingi za Igogo, Kirumba na Igoma hazina oveni, na hilo halimzuii mtu. Tafuta sufuria kubwa nene yenye mfuniko bapa usio na plastiki. Mwaga chini mchanga safi mkavu, unene wa sentimita 3. Mchanga wa ziwani una makonokono na taka, kwa hiyo uoshe, uanike, uuchekeche. Juu yake weka stendi ya chuma au vipande vitatu vya mawe vinavyolingana urefu, ili trei isiguse mchanga.

Washa mkaa usubiri uwake wote na kufunikwa na jivu jeupe. Gawa makaa: machache yabaki chini ya sufuria, mengi zaidi upalie juu ya mfuniko. Biskuti zina siagi nyingi, na moto wa chini ukizidi zinaungua matako kabla ya katikati kukauka. Acha sufuria tupu ipate moto dakika 20.

Kupima joto bila kipimo kuna njia ya zamani inayotegemeka. Weka kijiko cha chai cha unga wa ngano kwenye kifuniko cha kopo, kiweke ndani ya sufuria, funika dakika 5. Unga ukigeuka rangi ya dhahabu, joto ni la kutosha. Ukiwa kahawia iliyokolea, punguza makaa ya chini na usubiri. Ukibaki mweupe, ongeza ya juu.

Oka 10 au 12 kwa mkupuo, mengine yangoje kwenye ubaridi. Dakika 20 hadi 25. Usifunue kabla ya dakika 15, kwa sababu kila ukifunua joto linakimbia na jivu linaanguka. Unapofunua, futa kwanza ukingo wa mfuniko na uinue moja kwa moja juu bila kuuinamisha. Fanya haya uani au kwenye jiko lenye madirisha wazi. Moshi wa mkaa usioonekana unaua ndani ya chumba kilichofungwa.

Sukari mara mbili

Kugaragaza mara moja hakutoshi, hasa kwetu. Mara ya kwanza ni biskuti zikiwa vuguvugu, unapoweza kuzishika bila kuungua lakini bado unasikia joto. Siagi iliyo juu inaishika sukari na kufanya tabaka jembamba lililonata. Ukizitia zikiwa za moto sana sukari inayeyuka na kuwa uji wa kijivu, na ukisubiri zipoe kabisa haishiki. Ziviringishe moja moja kwenye bakuli pana kwa mkono mwepesi, kisha zipange kwenye waya au ungo safi.

Mara ya pili ni zikishapoa hadi katikati, si chini ya saa moja. Tabaka hili ndilo linaloonekana, liwe nene na kavu. Wakati wa mvua za vuli na masika, au siku upepo wa ziwa unapoleta unyevunyevu, fanya mara ya pili muda mfupi kabla ya kuandaa mezani.

Biskuti zikitanda na kuwa bapa, siagi ilikuwa laini mno au oveni haikuwa imepata moto. Oka moja ya majaribio kabla ya trei nzima, na ikitanda poza donge zaidi au ongeza kijiko kimoja cha unga. Donge likikataa kushikamana na linapasuka, unga umezidi au siagi bado ngumu. Lifumbate kidogo kwa viganja lipate joto lako, linarudi.

Kutunza na kuuza

Zikiwa zimepoa kabisa, ziweke kwenye kopo kavu lenye mfuniko unaobana, karatasi kati ya tabaka na tabaka. Biskuti yenye joto ikifungiwa hutoa mvuke, na asubuhi utakuta sukari imelowa. Kabatini zinakaa wiki mbili bila kuharibika, na siku ya pili ni tamu kuliko ya kwanza kwa sababu mafuta ya karanga yameshaenea. Friji si mahali pake, ukizitoa zinavukuta na sukari inayeyuka. Madonge mabichi, kwa upande mwingine, yanakaa kwenye friza mwezi mzima, na unayaoka hivyohivyo ukiongeza dakika mbili.

Ukiziuza, andika juu ya kifungashio kwamba zina karanga, ngano na maziwa, kwa kuwa siagi hutokana na maziwa. Wapo wenye mzio wa karanga, na biskuti iliyofunikwa sukari haionyeshi kilichomo ndani. Pakiti za 6 zinauzika ofisini na shuleni, ndoo ndogo za 40 kwa vikao vya harusi. Kwa oda ya mbali, ya Ukerewe au ya Bukoba kwa meli, zipange zimebana zisicheze, zikiwa na sukari ya mara ya kwanza tu. Ile ya pili ifunge kwenye mfuko wake mdogo uliobanwa, na umwelekeze mpokeaji azigaragaze mwenyewe zikishafika.